Dawa ya Kichina ya Nguvu za Kiume: Tujue Tunachomeza



Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka, wachuuzi wa dawa husimama nje ya geti. Miongoni mwa bidhaa zao kuna vidonge vyenye maandishi ya Kichina, vya kuongeza nguvu za kiume. Wenzetu hutuvuta pembeni wakatuuliza kwa sauti ya chini kama vinafaa. Tumeona afadhali tujibu hadharani, maana mwenye kuona haya kuuliza ndiye anayeuziwa chochote.

Mmea unaotajwa sana katika dawa hizi huitwa kwa Kichina yinyanghuo. Jina lake linahusu mbuzi: husimuliwa kwamba wachungaji wa zamani waliona mabeberu wakila majani yale, kisha wakapanda majike bila kuchoka. (Beberu hafanyi zamu ya usiku, lakini hayo tuyaache.) Waganga wa China wameyatumia majani haya kwa karne nyingi, pia kwa maumivu ya kiuno na magoti. Lakini mganga wa kweli huko hampi mtu pakiti akamwacha aende. Humshika mshipa wa mkono, humtazama ulimi, humuuliza habari zake, ndipo huchanganya majani hayo na mengine kwa kipimo.

Je, yanasaidia? Ndani yake kuna kitu kiitwacho ikarini. Katika maabara kimeonekana kufanya kazi kwa njia moja na sildenafili, ile dawa ya hospitali iliyoanza kuuzwa kwa jina la Viagra mwaka 1998, ila ni dhaifu zaidi. Majaribio mengi yamefanywa kwa panya. Basi ndugu akimeza kidonge cha "majani matupu" na baada ya saa moja akajiona kijana, ajiulize humo mna nini.

Hapo ndipo penye hatari. Wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta sildenafili imefichwa ndani ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. Mgonjwa wa moyo anayetumia kidonge cha kuweka chini ya ulimi, akichanganya dawa hizo mbili, presha yake huweza kuporomoka hata akafa.

Singapore walipata mkasa mwingine. Kati ya Januari na Mei 2008 watu 150 wasio na kisukari, wote wanaume isipokuwa mmoja, walilazwa hospitali kwa kupungukiwa sukari katika damu. Dawa ya kisukari, glibenklamidi, ilikuwa imeingia katika vidonge vya nguvu za kiume vya magendo. Saba walizimia wasiamke, na wanne kati yao wakafa. Ni 45 tu waliokiri kwamba wamemeza vidonge hivyo.

Nguvu zikipungua, mara nyingi ni kisukari, presha, pombe au uchovu. Hayo hupimwa zahanati, na kwenda kupimwa ni haki ya mfanyakazi.

Tukimkuta mwenzetu anatoka jasho, anatetemeka na kusema ovyo kama mlevi, tumpe maji ya sukari kama bado anaweza kumeza. Akiwa amezimia tusimtie kitu mdomoni. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na hali huweza kurudi. Pakiti ichukuliwe pamoja naye, daktari aione.