Ubaridi wa Werugha Haukingi Mdomo

Mtu akitoka Voi asubuhi kwa matatu ya Wundanyi, kisha akaendelea hadi Werugha katika milima ya Taita, hupanda mlima kwa takriban mita elfu moja. Nyuma yake ameacha nyika kavu ya Tsavo, ambako kufikia saa nne watu tayari wanatafuta kivuli. Mbele yake anakuta sweta, ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngangao, na mashamba ya mboga yaliyokatwa ngazi ngazi kwenye miteremko. Ni rahisi aamini kwamba jua kali ameliacha huko chini. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga hapa, kwa sababu inawafanya watu wa milimani wasijikinge kabisa, na watu wa pwani wapambane na adui asiye wao. Ngozi inayozunguka mdomo, ambayo ni miongoni mwa sehemu za uso zinazoonyesha umri mapema, haizeeshwi hasa na joto wala na unyevu wa hewa. Inazeeshwa na mwanga, tena ule mwanga usiohisika mwilini.

Jua hutuletea miale ya aina nyingi kwa pamoja, na ile inayotutoa jasho siyo inayoharibu zaidi kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoifanya ngozi ikae imara. Kazi hiyo hufanywa na miale ya urujuanimno. Ile ya mawimbi mafupi, UVB, huishia karibu na uso wa ngozi na kuuchoma. Ile ya mawimbi marefu, UVA, hupenya hadi tabaka la ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila tunapopanda mita 1,000, nguvu ya miale hii huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua, na kwamba mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 yake. Kwa hiyo siku ambayo mbingu ni wazi kotekote, Werugha hupokea miale mikali kuliko Voi, hata kama kipimajoto kinasema kinyume. Taita haiko mbali na ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na hata katika baridi ya Julai adhuhuri bado liko juu sana. Katika kipimo cha miale hii cha shirika hilohilo, kinga inahitajika kuanzia alama ya 3, na 11 ni hatari kupita kiasi. Ukanda wa ikweta hufika 11 mara kwa mara.

Unyevu wa hewa nao husingiziwa. Hewa ya Mombasa yenye unyevu husaidia tabaka la juu la ngozi lisikauke. Upepo mkavu wa Voi ndio unaopasua midomo. Kosa la unyevu ni kwamba huzuia jasho kukauka, nalo huondoa losheni usoni. Joto lenyewe haliwezi kuachiliwa kabisa, kwani watafiti wa Korea wameonyesha kuwa linaweza kuamsha vimeng'enya hivyohivyo, na anayeinamia moto wa kuni kila siku ana sababu ya kukaa mbali nao kidogo. Hata hivyo, ushahidi dhidi ya mwanga ni mzito zaidi. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea dirishani, ulikuwa na mikunjo minene, ilhali ule wa kulia ulikuwa laini zaidi. Hewa ya ndani ya gari ilikuwa ileile kwa mashavu yote mawili. Kilichotofautiana ni mwanga wa dirishani, hasa UVA, ambayo hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Madereva wetu, wanaokaa upande wa kulia, wajiangalie shavu la kulia.

Sasa kwa nini mdomo? Ngozi nyekundu ya midomo ina tabaka jembamba la juu, haina tezi za jasho, na melanini yake, yaani rangi asilia ya ngozi, ni chache kuliko ya shavu. Mdomo wa chini umetokeza na kuelekea juu, hivyo hupokea jua moja kwa moja. Kuuzunguka mdomo kuna msuli wa mviringo ulioshikamana na ngozi yenyewe, kwa hiyo kila tunapotamka, kunywa au kupiga mluzi, ngozi hukunjwa palepale. Maadamu kolajeni ipo, mkunjo hufunguka. Ikishapungua, mstari hubaki. Mvutaji sigara hujiongezea mara mbili, kwa kukunja midomo na kwa moshi unaodhoofisha kolajeni. Meno nayo huhesabiwa, jambo ambalo wauza krimu hawalisemi: jino likitoka, mfupa wa taya uliolishika huliwa polepole, na mdomo hukosa nguzo ukaingia ndani. Kutunza meno ni kutunza uso.

Msomaji ana haki ya kuniuliza: mtu mweusi anahitaji haya yote? Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake ni kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulipima ngozi ya juu na kuona kwamba ya Weusi ilipitisha takriban asilimia 7 ya UVB, na ya Wazungu asilimia 24. Kwa UVA ilikuwa kama asilimia 18 dhidi ya 55. Melanini ni kinga halisi, na ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa. Hasara ya kuikosa inaonekana wazi kwa ndugu zetu wenye ualbino, wanaopata saratani ya ngozi na ya midomo wakiwa bado vijana. Lakini asilimia 18 ya jua la ikweta, kila siku kwa miaka 40, si kidogo. Zaidi ya hayo, ngozi nyeusi huzeeka kwa njia yake: kabla ya mikunjo huja madoa na weusi usio sawa, mara nyingi pembeni mwa mdomo na juu yake, na hata mwanga tunaouona kwa macho huchangia weusi huo.

Hapo ndipo hasara kubwa zaidi huingia. Anayeona weusi kuzunguka mdomo hukimbilia krimu ya kujichubua. Nyingi za krimu hizo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi hung'arisha kwa wiki chache, kisha huikondesha ngozi na kuleta vipele vyekundu vinavyouzunguka mdomo wenyewe, ugonjwa ambao madaktari wa ngozi wanaujua vizuri. Mgonjwa akiacha krimu vipele huzidi kwa muda, naye hudhani anaihitaji, akarudia. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu chini ya jua inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka. Kwa maoni yangu, kwa mwanamke wa Taita krimu hii ni hatari kuliko jua lenyewe.

Kinga ya kwanza ni kofia pana, lakini isitegemewe peke yake. Vipimo vilivyofanywa Uingereza vilionyesha kwamba kofia ya ukingo mpana hupunguza miale puani mara saba, na kidevuni mara mbili tu. Mdomo uko mbali na ukingo, na mwanga unaorudi kutoka ardhini huufikia kwa chini. Mkulima apange palizi kabla ya saa nne au baada ya saa kumi. Kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, jua ni kali, hata kama anahisi baridi. Mwendesha bodaboda ashushe kioo cha helmeti. Mafuta ya mgando huzuia midomo kukauka, ila hayazuii jua. Yanayozuia ni mafuta ya midomo na losheni zenye kipimo cha kinga ya jua (SPF) cha 30 au zaidi, zinazokinga UVA pia, zikipakwa upya kila baada ya saa mbili. Zile zenye rangi ya udongo, kwa sababu ya oksidi ya chuma, huzuia hata mwanga wa kawaida. Huko Nambour, Australia, penye joto na unyevu, watu wazima waliopaka losheni kila siku kwa miaka minne na nusu walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipotaka. Wengi wao walikuwa Wazungu, kwa hiyo sitarajii kiasi hicho hicho kwetu, lakini kazi ya miale ni ileile.

Bei ndiyo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Losheni ya jua ni ghali kwa mkulima wa kabeji, na serikali ya Kenya huigawa, pamoja na mafuta ya midomo, kwa watu wenye ualbino. Ni sawa wao watangulie. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Taveta, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, losheni ya Kilisun hutengenezwa palepale kwa ajili ya wenye ualbino. Utaalamu basi upo karibu nasi, na kaunti ingeweza kuuomba. Kwa sasa, aliye na pesa kidogo anunue kofia kwanza, kisha mafuta ya midomo yenye SPF, na shilingi za krimu ya kujichubua azipeleke kwa daktari wa meno.