Paa Linalovuna Jua na Mvua

Mwaka 2012, katika soko la Kitonyoni, kaunti ya Makueni nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza walishirikiana na wanakijiji kusimamisha paa lililoezekwa kwa paneli za jua zenye uwezo wa kilowati 13.5, ili maduka, shule, kituo cha afya na makanisa yapate stima ambayo gridi ya taifa ilikuwa haijaifikisha huko.

Kiini cha paneli ni vipande vyembamba vya silikoni, elementi iliyomo katika mchanga, ambavyo upande mmoja hutiwa fosforasi kidogo na upande wa pili boroni, hivi kwamba mpakani mwa pande hizo huzuka uga wa umeme. Mwanga unapozing'oa elektroni, yaani chembe zenye chaji hasi, kutoka katika atomi zake, uga huo huzisukuma upande mmoja hadi kwenye nyaya, na mwendo wake ndio umeme. Kazi hiyo hufanywa na mwanga, wala si joto. Kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inayozidi 25 huipunguzia paneli takriban asilimia 0.4 ya uwezo wake, hata ikawa paneli iliyofungwa kwenye ubaridi wa vilima vya Kilungu, humo humo Makueni, ukungu ukishaondoka, hulifaidi jua kuliko iliyo nyanda za chini.

Umeme huo hutoka ukiwa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, ukahifadhiwa katika betri, kisha inveta huugeuza kuwa mkondo geu unaotumiwa na vyombo vya kawaida. Ugumu wa mtambo mdogo uko hapo, katika kuhifadhi na kugawana, kwani jua la huko si haba. Likiwaka vizuri kwa saa 5, kilowati 13.5 huzaa, kabla ya upotevu, uniti 67 hivi kwa soko zima, uniti moja ikiwa ni kilowati moja inayotumika kwa saa nzima. Taa, simu na televisheni huhimilika, ilhali jiko moja la kilowati 2 likiwashwa saa 5 humeza uniti 10.

Paa hilo lilibuniwa likinge pia maji ya mvua, uamuzi wenye busara kuliko hata paneli zenyewe katika nchi kame kama ile. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hupunguza umeme lakini hujaza tangi na kuosha vumbi. Miezi ya Julai na Agosti, mawingu yanapotanda bila kunyesha, mavuno yote mawili hupungua, na vumbi hufutwa kwa mkono.