Mgahawa wa Kikorea Stockholm: Wapi Bei ni Halali, Wapi Umeonewa

Malalamiko ya Waafrika Mashariki wanaoishi Stockholm kuhusu migahawa ya Kikorea yanafanana. Bei iko juu, sahani ni ndogo, kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa ambayo kwenye tamthilia za Kikorea hutolewa bure, inalipiwa, mhudumu haonekani, na mwishowe mashine ya kadi inaomba bakshishi. Wengi hufunga mjadala kwa kusema wameibiwa. Wapo wanaoibiwa kweli. Lakini manung'uniko hayo huchanganya mambo mawili yanayostahili hukumu tofauti: gharama ambayo mwenye mgahawa hana pa kuikwepa, na ujanja alioufanya kwa hiari yake. Anayetaka kudai haki yake lazima kwanza ayatenganishe.

Tuanze na tunachokitarajia. Tamthilia za Kikorea zimeingia sebuleni kwetu muda mrefu, nyingine zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili, na ndani yake tumeona meza iliyojaa vibakuli: kimchi, mchicha uliochanganywa na ufuta, chipukizi za soya, figili ya achari. Vibakuli hivyo vinaitwa banchan. Korea Kusini hesabu yake imo ndani ya bei ya chakula, na kikiisha kimoja unaongezewa bila kulipa. Bakshishi haipo katika desturi yao. Mteja wa Seoul anasoma bei kwenye menyu na anajua kuwa ndiyo atakayolipa.

Desturi hiyo si ya bure hata huko kwao. Sheria ya Korea Kusini inakataza kumpelekea mteja mabaki ya mwenzake, kwa hiyo kila kibakuli kilichoguswa na kurudi jikoni ni hasara. Mgahawa unaimudu kwa sababu meza hujaa na kuachwa haraka, na kwa sababu kutengeneza kimchi kwa wingi ni kazi ya kawaida huko. Iondoe desturi hiyo katika mazingira yake, uilete kwenye mgahawa mdogo wa Stockholm wenye wapishi wawili, na hesabu inabadilika yote.

Kinachoibadilisha zaidi ni saa za kazi. Uswidi haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Katika sekta hii mishahara hupangwa kwa mkataba kati ya chama cha waajiri, Visita, na chama cha wafanyakazi wa hoteli na migahawa, HRF. Juu ya mshahara mwajiri hulipa mchango wa kijamii ambao kiwango chake cha kawaida ni asilimia 31.42. Tuseme mhudumu anapokea kronor (sarafu ya Uswidi) 160 kwa saa. Mchango huo unaongeza takriban kronor 50, na saa moja inakuwa imemgharimu mwajiri kronor 210. Bado hatujahesabu nyongeza ya kazi za usiku na wikendi, wala likizo ya siku 25 kwa mwaka ambayo kila mfanyakazi anahakikishiwa na sheria.

Kisha ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwenye risiti utaiona kwa jina la moms. Chakula cha mgahawani hutozwa asilimia 12, kiwango kilichoshushwa kutoka 25 mwezi Januari 2012, na pombe imebaki kwenye 25. Sahani ya kronor 224, kwa mfano, inatoa kronor 24 za kodi. Zinazobaki 200 ndizo zinazogawanywa kwa nyama, wali, pango, umeme, mpishi, mhudumu na aliyeosha vyombo. Kwa kipimo cha mhudumu wetu, sahani hiyo nzima haifiki hata thamani ya saa yake moja. Nyama na mboga mara nyingi si sehemu kubwa ya unacholipia. Unalipia muda wa watu.

Ukilielewa hilo, fumbo la bei za mchana linafumbuka. Mgahawa unaouza bulgogi, nyama ya kuchoma ya Kikorea, kwa bei ya kukunjia uso saa moja usiku unaweza kuiuza saa sita mchana kwa bei nafuu mno, tena pamoja na saladi na kahawa. Hicho ndicho chakula cha mchana cha Kiswidi, dagens lunch, ambacho kwa kawaida huuzwa kuanzia kama saa tano hadi saa nane. Menyu ni fupi, chakula kimepikwa kwa wingi, mteja anajichukulia maji na vijiko mwenyewe, na mara nyingi anarudisha sinia mwenyewe. Kiti kimoja kinakaliwa na watu kadhaa ndani ya muda mfupi. Usiku kiti hichohicho kinakaliwa na mtu mmoja kwa saa mbili, mbele ya jiko la mezani linalohitaji mtambo wa kuvuta moshi na mtu wa kubadilisha wavu.

Mpaka hapo mwenye mgahawa hana kosa. Bei kubwa peke yake si dhuluma. Dhuluma huanzia pale bei inapojificha.

Nina bili ya chakula cha usiku cha watu wawili, kutoka mahali ambapo sitapataja. Menyu iliandika seti ya nyama ya kuchoma ya watu wawili kwa kronor 598. Mhudumu, kwa tabasamu, akauliza kama tungependa wali. Tukaitikia. Kimchi je? Tukaitikia. Majani ya kufungia nyama? Naam. Maji? Naam. Bili ilipokuja, wali ulikuwa kronor 35 kila bakuli, kimchi 45, majani 40, na maji 25 kila mtu. Jumla kronor 803, yaani nyongeza ya 205, zaidi ya theluthi ya bei tuliyodhani tumeikubali. Bei zote hizo ziliandikwa, lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa menyu, ambao hakuna aliyetuonyesha.

Hakuna aliyetudanganya kwa maneno, na hapo ndipo ujanja ulipo. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, anayekuuliza kama ungependa wali anakukirimu. Kumjibu kwa kuuliza bei ni kama kumvunjia heshima. Katika mgahawa ule, kila swali la ukarimu lilikuwa mauzo. Linganisha na nyama choma ya Nairobi au Arusha: unachagua kipande, kinapimwa mbele yako, unaambiwa bei ya kilo, na kama kachumbari inalipiwa unaambiwa kabla moto haujakolea. Inaweza kuwa ghali, lakini hesabu yake huna la kuilalamikia.

Kuhusu huduma, tusiharakishe kusema tumedharauliwa. Kwenye meza hiyo zinakutana desturi tatu. Korea mteja ndiye anayeita, kwa sauti au kwa kubonyeza kengele ya mezani, na mhudumu kutokuja bila kuitwa si utovu wa adabu. Uswidi kupaza sauti mgahawani ni aibu, kwa hiyo mteja husubiri macho yakutane, ndipo ainue mkono kidogo. Sisi tunategemea kupokewa mlangoni na kuulizwa hali mara kwa mara. Mhudumu mmoja mwenye meza kumi hawezi kuzitimiza zote tatu. Lakini kuna mambo ambayo hakuna desturi inayoyatetea: kuletewa nyama ambayo hukuagiza, kungoja nusu saa bila neno, kununiwa kwa sababu umeuliza kama mchuzi una nguruwe.

Swali hilo la nguruwe ni haki yako kuliuliza. Vyakula vingi vya Kikorea vina nguruwe, na kimchi mara nyingi hutiwa mchuzi wa samaki au uduvi wa chumvi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inamlazimu muuzaji wa chakula kutoa taarifa za vizio 14, vikiwemo samaki, jamii ya kamba, soya, ufuta na ngano. Mgahawa usioweza kukujibu kuhusu vitu hivyo una kasoro kubwa kuliko bei.

Sheria ya Uswidi ya taarifa za bei, ya mwaka 2004, inataka bei iwe wazi na iwe pamoja na kodi. Tangu Januari 2010 biashara zinazopokea malipo ya fedha taslimu au kadi kwa kawaida zinatakiwa kuwa na mashine ya mauzo iliyosajiliwa na kumpa mteja risiti. Bakshishi ni hiari. Mashine inayokuomba uandike jumla mpya inapokea pia jumla ileile ya bili, na huna haja ya kuona haya. Ukiona hitilafu, sema hapohapo, chakula kikiwa bado mezani. Anayemaliza sahani ndipo alalamike amejipunguzia nguvu. Mkishindwa kuelewana, ushauri wa bure hutolewa na mamlaka ya walaji, Konsumentverket. Jambo la usafi lipeleke kwa idara ya mazingira ya jiji, miljöförvaltningen.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kuwa mgahawa fulani ni wa wezi, jiulize: bei hii niliiona kabla ya kuagiza? Kama uliiona, umelipia mishahara na kodi za nchi unayoishi, na dawa yake ni kwenda saa sita mchana. Kama hukuiona, una haki ya kulalamika, na risiti ndiyo ushahidi wako. Na siku nyingine mhudumu akikuuliza kama ungependa wali, muulize bei kwanza. Stockholm hakuna atakayekuona huna adabu.