Usambara na matuta yaliyokataliwa

Ukishika njia ya Mashewa kutoka Korogwe mjini, milima ya Usambara huiachi. Bonde la Lwengera ndilo linaloikata vipande viwili, Mashariki na Magharibi. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti kule Amani mwaka 1902, na tangu hapo wataalamu hawajakoma kuipima milima hii. Wenyeji walikuwa na taratibu zao za kuitunza ardhi kabla ya hapo.

Chini ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, mvua ilikuwa kazi ya mfalme. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliheshimiwa kama mwenye mvua. Ardhi ikikauka, lawama zilipanda hadi Vugha, makao ya mfalme. Upande wa Handeni, Wazigua walitenga misitu ya matambiko, mingine midogo kuliko shamba la mtu mmoja, ambamo shoka haliingii bila idhini ya wazee.

Waingereza hawakuuliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianzisha mpango wao wa kuhifadhi udongo, wakianzia Mlalo: wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na mkaidi alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, faida haikuonekana, na watu walihisi wananyang'anywa ardhi kwa ujanja. Chuki hiyo ilikipa TANU, chama kilichodai uhuru, wafuasi wengi, na kabla ya uhuru mpango ukafa.

Mwaka 1981 mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Wajerumani, ulikuja Lushoto na shauri lilelile la kuzuia mmomonyoko. Safari hii zilipandwa kingo za majani ya guatemala pamoja na miti. Majani yanashika udongo, kisha yanakatwa kulishia ng'ombe wa zizini, na samadi inarudi shambani. Hapo mkulima ana sababu ya kukubali.

Derema, msitu wa Usambara Mashariki ambamo watu walilima iliki, ilikuwa ngumu zaidi. Iliki hupenda kivuli, hivyo wakulima waliiacha miti mikubwa na kufyeka michanga, na msitu ukakosa warithi. Serikali iliamua kulihifadhi eneo hilo, ikawalipa wakulima fidia ya mazao yao. Lakini iliki humlipa mkulima kila msimu. Fidia hulipwa ikaisha.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wenyewe, hata ule wa matambiko, na kuutungia sheria ndogo. Kijana asiyeogopa mizimu huenda akaogopa faini, mradi kamati ya kijiji isiwe ndiyo inayouza mbao.