"Backfire" na kujiponza: lawama iwe ya nani?

Hebu tuanze na neno ambalo wahakiki wa Kiingereza hulikimbilia pale tendo la mhusika linapomgeukia: "backfire". Asili yake ni moto hasa. Huko Marekani, katika karne ya 19, walowezi wa mbugani waliwasha moto mdogo kwa makusudi mbele ya moto mkubwa uliokuwa ukija, ili ukifika ukose majani ya kula. Dawa ya moto ni moto, tungesema. Yaani neno lilitaja hila iliyofaa! Yalipokuja magari likahamia kwenye injini, mafuta yanapolipuka wakati usio wake. Baadaye ndipo likapata maana hii tuliyoizoea.

Linalonisumbua mimi ni kiima. Katika Kiingereza, kinacho-"backfire" ni mpango. Mwenye mpango kasimama pembeni kama abiria ambaye basi limemzimikia njiani. "Counterproductive" ndiyo kabisa: neno la maofisini, halina mtenda wala mtendwa. Kiswahili je? Kajiponza. Kajichongea. Kajipalia makaa. Hicho kiambishi "-ji-" kinamkamata mtu shati. Na methali haimwachi: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa mtazame Brutus, katika tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Nyerere (1963, kisha akaisahihisha 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari). Anamruhusu Antony aseme mazishini, akiamini kwamba ruhusa hiyo itawajengea wauaji jina zuri. Cassius anamwonya. Wapi! Baada ya hotuba umati unawageukia, na bwana huyo anaikimbia Roma. Ukiandika kuwa mpango wake uli-"backfire", umemwonea huruma. Ukiandika kajiponza, umemhukumu: alionywa, akapuuza. Hizo ni tahakiki mbili tofauti, nasi tunaosoma uhakiki kwa Kiingereza halafu tukajibu mtihani kwa Kiswahili tunaruka kutoka moja hadi nyingine bila habari.

Mimi nasimama na "kajiponza", kwa Brutus. Lakini si kwa kila mtu. Edipode, tuliyeletewa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1971, aliihama Korintho ili asije akamwua baba yake, na njiani humo akamwua. Huyo alikuwa anakwepa balaa lenyewe. Ukimwambia "umejiponza" unamwonea. Afadhali useme tu mambo yalimgeukia.