Molekuli Haitetemi Peke Yake: Hesabu Iliyofichwa Katika Udongo Mwekundu wa Nkubu

Udongo wa mashamba ya Nkubu, Imenti Kusini, ni mwekundu, mzito na wenye kina kirefu. Ulitokana na miamba ya volkano ya Mlima Kenya, na wataalamu wameuweka katika kundi la nitisoli. Umelea kahawa, chai, ndizi na mahindi kwa vizazi, ila una tabia moja inayomgharimu mkulima: unashikilia fosforasi. Anatia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu, na sehemu kubwa ya fosfeti yake, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, hunaswa na madini ya chuma na alumini kabla mizizi haijaifikia.

Udongo huo unaweza kupimwa bila kuchanganywa na kemikali. Huanikwa ukauke, hupitishwa kwenye chekeche la milimita 2, husagwa uwe laini kabisa, kisha hujazwa katika vitundu vya sahani ya alumini na kumulikwa kwa miale ya infraredi. Maabara ya shirika la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, iliyoko Gigiri jijini Nairobi, imechangia sana kueneza njia hii barani Afrika. Mwaka 2002 watafiti Keith Shepherd na Markus Walsh walichapisha utafiti wa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa juu kutoka Afrika Mashariki na Kusini. Walionyesha kuwa mwanga unaorudishwa na udongo unatosha kukadiria sifa zake nyingi kwa gharama ndogo. Walianza na mwanga unaoonekana na infraredi iliyo karibu nao. Baadaye maabara ikaongeza infraredi ya kati, ambako mitetemo ya molekuli hujionyesha waziwazi.

Mitetemo hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Atomi zilizoungana hazitulii; husogeleana na kuachana kana kwamba zimefungwa kwa springi. Atomi nyepesi na muungano imara hutetema upesi, atomi nzito na muungano dhaifu hutetema polepole. Mwale unaotetema kwa kasi inayolingana na mtetemo fulani hufyonzwa, na mashine huchora kilele mahali hapo kwenye mchoro uitwao spektra. Wanasayansi huhesabu kasi hiyo kwa idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Mtetemo wa 3620, kwa mfano, ni takriban mara trilioni 108.5 kwa sekunde.

Kama kila muungano ungekuwa na namba yake isiyobadilika, tungetengeneza jedwali moja na kazi ingeisha. Haiko hivyo. Molekuli ya maji iliyo peke yake katika mvuke hunyoosha miungano yake ya oksijeni na haidrojeni katika 3657 na 3756. Maji yaleyale yakiwa kimiminika, vilele hivyo viwili hupotea na mahali pake huinuka mwinuko mmoja mpana karibu na 3400. Kila haidrojeni sasa inavutwa na oksijeni ya jirani, muungano wake unalegea, na kasi inashuka. Ujirani umebadilisha namba.

Katika udongo wa Nkubu mfano mzuri zaidi ni kaolinaiti, madini ya mfinyanzi yaliyojaa katika nitisoli. Imejengwa kwa tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila tabaka likiwa na upande wa silikoni na upande wa alumini. Ndani ya kila fungu dogo la atomi 17 kuna jozi nne za oksijeni na haidrojeni. Kikemia jozi hizo ni kitu kimoja, lakini spektra ya kaolinaiti huonyesha vilele vinne: karibu na 3620, 3652, 3668 na 3695. Kile cha 3620 ni cha jozi iliyojificha ndani ya tabaka. Vingine vitatu ni vya jozi zinazoelekea tabaka la jirani, ambazo hutetema kwa kushirikiana.

Tunajuaje kilele kipi ni cha jozi ipi? Jibu limetokana kwa sehemu kubwa na kompyuta. Mwaka 1964 na 1965 mwanafizikia Walter Kohn na wenzake waliweka msingi wa kukokotoa nishati ya atomi nyingi kutokana na msongamano wa elektroni zake. Kohn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Programu inayotumia msingi huo huisogeza kila atomi kidogo sana na kupima nguvu inayoirudisha. Fungu la atomi 17 lina miendo 51. Mitatu kati yake ni ya fuwele yote kusogea pamoja, na 48 inayobaki ndiyo mitetemo halisi.

Mwaka 2001 Etienne Balan na wenzake walifanya hesabu hiyo kwa kaolinaiti. Waligundua kwamba hata umbo la chembe lina uzito: chembe bapa hujenga uga wa umeme unaosogeza baadhi ya vilele. Kwa hiyo jirani wa molekuli si atomi ya pembeni tu, bali chembe nzima.

Vimiminika vinadai mbinu nyingine, kwa kuwa majirani hawakai mahali pamoja. Roberto Car na Michele Parrinello, wakiwa Trieste mwaka 1985, walionyesha jinsi ya kuziacha atomi zitembee huku elektroni zikikokotolewa njiani. Mabadiliko ya umeme wa mfumo katika mwendo huo hugeuzwa kuwa spektra.

Sasa turudi kwenye fosfeti. Ikiwa huru kabisa majini, pande zake zote nne ni sawa, na mnyooko wake katika infraredi hutoa kilele kimoja karibu na 1010. Ikishikamana na madini ya chuma, usawa huo huvunjika na kilele hugawanyika. Imeshikamana kwa mkono mmoja au miwili? Watafiti hukokotoa kila uwezekano na kulinganisha na kipimo. Shida ni kwamba silikoni na oksijeni za kaolinaiti hutetema papo hapo, kati ya 1000 na 1115, na kuifunika sauti ya fosfeti. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya infraredi ikadirie kaboni na mfinyanzi vizuri, lakini iyumbe kwenye fosforasi ambayo mmea unaweza kuitumia. Mkulima akiambiwa hivyo, ajue kuwa sababu iko katika fizikia ya udongo wake.

Ujuzi wa hesabu hizi umekwisha kufika kwetu. Mwaka 2012 Eldoret iliandaa ASESMA, shule ya Afrika inayofundisha ukokotoaji wa elektroni, na programu ya Quantum ESPRESSO, inayofanya hesabu hizo, hupatikana bure. Kinachokosekana ni daraja kati ya hesabu hizo na vipimo vya udongo. Kompyuta inayojifunza kutokana na sampuli nyingi inaweza kukadiria bila kuelewa, na ikipelekwa kwenye udongo mgeni inakosea bila kutoa onyo. Hesabu ya mitetemo hueleza kilele kimetoka wapi na kwa nini kimesogea. Wanafunzi wa fizikia na kemia wa Meru, Embu na Chuka wana swali la hadhi ya kimataifa chini ya miguu yao, na kulijibu kutamsaidia jirani yao kujua kila mfuko wa mbolea unaishia wapi.