Si Wagonjwa Hao Ndege wa Kusi

Kila upepo wa kusi ushikapo na mwezi wa Juni kuingia, sikosi kuulizwa suali lile lile na watu ambao kwa mengine yote ni wenye akili timamu: je, hao vitwitwi na sululu waonekanao katika hori la Mida, ilhali wenzao wamekwisha ondoka tangu Aprili kwenda zao kaskazini, ni wagonjwa, ni vilema, au wamepotea njia? Na laiti mambo yangekoma kwenye suali. Lakini wako wenye huruma isiyo na ilimu, wawamwagiao wali na makombo ya maandazi ufuoni, na wengine huthubutu kumkamata mmoja wakamnywesha maji ya sukari, wakidhani wamempa dawa.

Dhana hii haina asili. Wengi wa ndege hao ni vijana, walioanguliwa mwaka uliopita huko Siberia na nchi nyinginezo za baridi, nao hawajabaleghe. Na kwa kuwa safari ile ni ya maelfu ya kilomita, na waendao huko huenda kuzaa, basi kijana asiye na mwenzi wala kiota hubaki penye kaa na minyoo tele, akangoja mwaka wa pili, na katika jamii nyingine hata wa tatu.

Washikiliao ugonjwa huleta hujja mbili. Ya kwanza ni rangi: mwezi wa Aprili vitwitwi wengi wakubwa huwa wekundu vifuani, na kijana aliyesalia na kijivu chake huonekana amesawijika, lakini wekundu ule ni vazi la uchumba, na asiyechumbia halihitaji. Ya pili ni mguu: wakimwona amesimama kwa mmoja, husema wa pili umekatika. Ameukunja tumboni tu, apumzike na kuhifadhi joto. Subiri kaa mdogo apite mbele yake, ndipo utajua nani kilema.

Wali si chakula cha ndege achokoaye matopeni. Kazi yake ni kuwaita kunguru, ambao shari yao pwani yote yaijua. Maji ya sukari humpalia. Fauka ya hayo, Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968, wala haikuwekwa ili watu wajifunze utabibu.

Tena kusi ina wageni wake wenyewe: kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kuna ndege wa kahawia warukao mfano wa mbayuwayu, wazaliao Bukini, wajao kwetu Aprili kwa maelfu na kurejea Septemba. Mbona hao hawanyweshwi sukari?

Atakaye kuwatazama asiulize saa, aulize maji. Yakipwa ndege hutawanyika mbali. Njoo saa mbili kabla ya kujaa, siku za bamvua, wanaposukumwa karibu na mikoko. Jua liwe mgongoni, darubini ya mara nane yatosha, viatu viwe vya tope, na usiwaandame hadi wakaruka, kwani kila mruko wa bure huwala nguvu.

Wakubwa huanza kurejea Agosti, baadhi yao wangali na wekundu vifuani. Nendeni mkamlinganishe mzima na kijana, kisha nileteeni suali jingine.